Bastola ya mashindano kwa mtu wa Handeni na Korogwe

Bastola ya kulinda duka la Manundu na bastola ya kushindania medali zinaweza kuwa moja, lakini mara nyingi si moja. Kama unamiliki silaha kihalali hapa Korogwe au Handeni, huenda uliiomba kwa sababu ya ulinzi: una malori yanayopita Segera usiku, unanunua dhahabu Kilindi na kurudi na fedha taslimu, au nyumba yako iko mbali na kituo cha polisi. Silaha ya namna hiyo huchaguliwa kwa udogo wake. Inafichika chini ya shati, haichoshi kiuno, na mwenyewe anamwomba Mungu asiitumie kamwe. Mchezo wa shabaha ya vitendo unadai kinyume chake. Bastola ya mchezo itafyatuliwa maelfu ya mara, itachomolewa kwenye ala mbele ya mwamuzi mwenye saa inayohesabu sehemu za sekunde, na itakaguliwa kama inatimiza kanuni za daraja lake.

Nitasema msimamo wangu mapema ili usisome ukibahatisha. Kwa anayeanza akiwa katika wilaya hizi mbili, bastola ya kununua ni ya risasi ya 9×19, yenye umbo kamili, iliyo kama ilivyotoka kiwandani, inayokubalika katika daraja linaloitwa Production, na ambayo kidole chako kinaifikia triga bila kulazimisha. Chapa inakuja mwisho. Fedha utakayookoa kwa kutonunua bastola ya kifahari itumie kwenye risasi, magazini na nauli, maana huko ndiko ushindi unakopatikana.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Shirikisho la dunia, linalojulikana kwa kifupi IPSC, liliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Si mchezo uliofika Afrika jana. Mwaka 1977 mashindano ya dunia yalifanyika Salisbury, mji ambao leo ni Harare, na mshindi alikuwa mwenyeji, Dave Westerhout. Mwaka 2002 yalifanyika Afrika Kusini. Kwa majirani zetu Kenya, wamiliki wa silaha hukutana kufanya mazoezi na mashindano katika kiwanja cha Kirigiti, kule Kiambu.

Mshiriki hasimami mahali pamoja kama katika shabaha ya Olimpiki. Anapewa njia yenye kuta za mbao, madirisha, karatasi za shabaha na sahani za chuma, na kila njia hupangwa upya ili asije mtu ameikariri. Saa ikilia anachomoa, anapiga, anatembea au kukimbia, anabadilisha magazini, anamaliza. Njia fupi haizidi risasi 12, ya kati haizidi 24, na ndefu haizidi 32. Aliyepitia Mgambo JKT hapa Handeni amefundishwa kulala chini, kushusha pumzi na kupiga kwa bunduki iliyoegemea begani. Nidhamu aliyoipata kule itamfaa sana. Lakini ustadi wa bastola atauanza upya, kwa sababu mtutu ni mfupi, hakuna bega la kuegemea, na kosa dogo la mkono huonekana kubwa kwenye karatasi.

Alama ndizo zinazopaswa kukuongoza kuchagua bastola, kwa hiyo vumilia hesabu kidogo. Karatasi ya shabaha ina maeneo matatu. Eneo la katikati, A, hutoa alama 5 kwa kila mtu. Eneo la C hutoa 3 na la D hutoa 1 ikiwa risasi yako imehesabiwa kuwa ya nguvu ndogo. Ikiwa ya nguvu kubwa, C hutoa 4 na D hutoa 2. Risasi iliyokosa kabisa hukupunguzia 10. Jumla hugawanywa kwa muda uliotumia. Tuseme njia ina risasi 12. Wa kwanza anapiga zote katikati, anapata 60, lakini anatumia sekunde 10: matokeo yake ni 6. Wa pili anapiga 10 katikati na 2 kwenye C, anapata 56 kwa sekunde 8: matokeo yake ni 7, naye amemshinda wa kwanza. Wa tatu anakimbia zaidi, sekunde 7, lakini anapata A nane, C tatu na kukosa moja. Alama zake ni 49, toa 10, zinabaki 39, na matokeo yake hayafiki 5.6. Kosa moja tu limemtupa nyuma ya wote wawili.

Hapo ndipo mtu husikia hadithi ya nguvu kubwa na nguvu ndogo, akatamani bastola ya risasi nene ya .40 ili C yake iwe na thamani ya 4. Nguvu hupimwa hivi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, zidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1000. Nguvu ndogo inaanzia 125. Katika daraja la Standard nguvu kubwa inaanzia 170. Risasi ya kiwandani ya 9×19 yenye kichwa cha greni 124, yaani gramu 8, ikienda futi 1,050 kwa sekunde, inafikia 130 na kupita bila wasiwasi. Katika daraja la Production kila mtu huhesabiwa kuwa na nguvu ndogo hata angekuja na risasi nene kiasi gani, kwa hiyo mwenye 9×19 hapotezi kitu. Anapata teke jepesi, risasi ya bei nafuu kuliko .40, na risasi inayopatikana kirahisi kuliko nyingine zote za bastola. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kubishana nami kuhusu .40. Mtu wa Handeni ambaye kila boksi la risasi ni safari asibishane.

Madaraja mengine yajue kwa majina tu kwa sasa. Open ni la bastola zenye kioo cha kulengea na kipunguza teke mdomoni mwa mtutu, silaha za gharama kubwa zinazohitaji fundi wake. Standard inaruhusu marekebisho mengi ilimradi bastola na magazini yake viingie kwenye sanduku la vipimo. Classic ni kwa umbo la bastola ya kale ya Marekani, ile ya 1911. Lipo la rivolva, na yapo ya bastola za kawaida zilizowekwa kioo cha kulengea. Production lilitungwa kwa ajili ya bastola za kawaida: mtutu usiozidi milimita 127, modeli iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa na IPSC, na magazini isijazwe zaidi ya risasi 15 mwanzoni mwa njia. Kikomo hicho cha 15 ni rafiki yako, kwa sababu hakuna anayekushinda kwa kununua magazini ndefu.

Sasa tuangalie bastola uliyonayo tayari, maana swali la kwanza la wengi ni kama inaweza kuingia uwanjani. Angalia maandishi kwenye mtutu na kwenye kitako cha ganda la risasi. IPSC inataka risasi isiyopungua milimita 9 kwa upana na ganda lisilopungua milimita 19 kwa urefu. Bastola ndogo za 7.65 na 6.35, ambazo baadhi ya wazee wetu wanazo tangu zamani, hazikubaliki. Ya 7.62 ya Kirusi au ya Kichina, pamoja na ukali wake wote, haikubaliki. Mtego mkubwa ni neno "9 mm". Makarov ni 9×18, na zipo bastola ndogo za 9×17. Zote zimeandikwa 9, zote hazifikii, na risasi zake haziingiliani na 9×19. Usimruhusu mtu akuuzie kwa kukuonyesha tarakimu moja tu. Dai tarakimu zote mbili.

Browning Hi-Power inahitaji aya yake, kwa sababu ni silaha ya heshima na Afrika Mashariki inaifahamu. Ilianzishwa na John Browning, ambaye alifariki mwaka 1926, ikamaliziwa na Dieudonné Saive katika kiwanda cha FN kule Ubelgiji, na ikatoka mwaka 1935. Inatumia 9×19, ina mtutu mzuri, inakaa vizuri mkononi. Lakini triga yake hufanya kazi tu nyundo ikiwa imeshavutwa nyuma, na bastola za namna hiyo Production huzikataa. Utaandikwa Standard, ushindane kwa nguvu ndogo na watu wenye nguvu kubwa. Ukiwa nayo, na baba yako amekuachia kihalali, njoo nayo ujifunze, wala usione haya. Kuinunua leo kwa ajili ya Production ni kutupa fedha.

Suala la mkono ndilo ninalotaka ulichukulie kwa uzito kuliko yote. Muuzaji akikuwekea bastola mezani, mwombe aifungue, atoe magazini, avute slaidi nyuma, nawe utazame chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole. Kisha ishike mpini kwa mkono mmoja ukiwa umeupandisha juu kabisa, mpaka utando kati ya kidole gumba na cha shahada ugande chini ya slaidi. Mtutu uelekee mahali salama ambapo muuzaji amekuonyesha. Sasa weka kidole kwenye triga. Sehemu nyororo ya ncha ya kidole inapaswa kufika katikati ya triga huku mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Ukilazimika kuuzungusha mpini ili kidole kifike, bastola hiyo ni kubwa kwako. Kila risasi itavutika kando, na utakaa miaka ukijilaumu kwa kosa la mpini.

Jaribio la pili: fumba macho, inua bastola tupu kuelekea ukuta salama kama unavyoona wewe ni sawa, kisha fumbua. Saiti ya mbele ikionekana imekaa ndani ya pengo la saiti ya nyuma, mwili wako umeikubali. Ikiwa inachungulia juu au imezama chini kila mara, pembe ya mpini haikuendi. Glock ina pembe iliyolala kuliko bastola nyingi, na hilo huwafaa wengine na kuwasumbua wengine. Dada zetu na wanaume wenye viganja vidogo wasikubali kuambiwa "utazoea". Zipo bastola za kisasa zenye mgongo wa mpini unaobadilishwa, mdogo kwa mkubwa, na hiyo ni sababu halali ya kuchagua modeli moja badala ya nyingine.

Baada ya mkono, triga. Kanuni za Production zinataka risasi ya kwanza ivutwe kwa uzito usiopungua kilo 2.27, au kila risasi ivutwe kwa uzito usiopungua kilo 1.36. Hapa familia mbili hutengana. Ya kwanza ni ya nyundo ya nje, mfano CZ 75 iliyobuniwa na ndugu Josef na František Koucký wa Chekoslovakia mwaka 1975, bastola ambayo Wakenya huiita Ceska. Mchezo huanza nyundo ikiwa chini, hivyo risasi ya kwanza ni nzito na ndefu, kisha zinazofuata ni nyepesi na fupi. Ya pili ni ya pini ya ndani kama Glock, ambapo kila mvuto ni sawa na uliotangulia. Mwenye risasi nyingi za mazoezi hujifunza mivuto miwili bila shida. Mwenye risasi chache hufaidika na mvuto mmoja, kwa sababu anajifunza jambo moja badala ya mawili.

Uzito nao una neno lake. Bastola ya plastiki kama Glock 17 ina takriban gramu 700 ikiwa na magazini tupu. CZ 75 ya chuma iko karibu na kilo moja, na CZ Shadow 2, iliyotengenezwa mahsusi kwa mashindano, ina takriban kilo 1.3. Chuma hunyonya teke, saiti inarudi mahali pake haraka, na risasi ya pili inakuwa rahisi. Ndiyo maana kwenye viwanja vya Production duniani utaona CZ na Tanfoglio ya Italia zimejaa viunoni. Lakini kilo 1.3 ni uzito wa kubeba kutwa nzima, na bei yake ni ya mtu aliyekwisha kuamua maisha yake ni mchezo huu.

Nikilazimishwa kuchagua kwa ajili yako bila kukuona mkono, ningesema hivi. Kama leseni yako itakuwa ya silaha moja tu, na silaha hiyo lazima ilinde nyumba pia, chukua bastola ya pini ya ndani yenye umbo kamili kama Glock 17. Ni rahisi kuitunza, haina mambo mengi, na vipuri vyake vinapatikana duniani kote. Kama tayari una silaha ya ulinzi na unaomba ya pili kwa ajili ya mchezo, na kidole kinafika, chukua CZ ya chuma ya umbo kamili, 75 au SP-01, na uiache Shadow 2 mpaka umeshiriki msimu mzima. Na kama wenzako watatu au wanne wa hapa Tanga wana modeli fulani, pima sana kabla ya kununua tofauti. Siku springi ikikatika uwanjani, aliye na modeli moja na wewe ndiye atakayekuokoa. Mzigo wa vipuri kutoka Ulaya hausubiriwi siku ya mashindano.

Bastola fupi za kufichwa ziepuke kwa mchezo huu. Glock 19, yenye mtutu wa milimita 102 badala ya 114, bado inaweza kushindana kwa heshima. Chini ya hapo mpini haukai vizuri kwenye mikono miwili, teke linauma, na umbali kati ya saiti mbili unapungua kiasi kwamba kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa kwenye karatasi.

Sheria sasa. Silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi huanzia chini: serikali ya kijiji au mtaa, kata, polisi wilaya, kamati ya usalama ya wilaya, kisha mkoa, hadi makao makuu ya polisi. Jipange kwa subira, na jipange kwa maelezo. Maelezo yanahitajika kwa sababu eneo hili lina kumbukumbu ndefu ya bunduki. Katika karne ya 19 mtawala Semboja alijenga Mazinde kwenye njia ya misafara, na nguvu yake dhidi ya ndugu zake wa Usambara ilitokana kwa sehemu kubwa na bunduki zilizopanda kutoka pwani. Bwana Heri, kiongozi wa Kizigua aliyetawala Saadani, alipigana na Wajerumani mpaka mwaka 1890. Kwa watu wa huku, bunduki maana yake ni vita, ulinzi au uwindaji. Mwenyekiti wa kijiji akisikia mwanakijiji anaomba bastola ya "mchezo", ana kila haki ya kukuuliza mchezo gani. Usimjibu kwa haraka. Mwamkie, kaa naye, mweleze kanuni, mwonyeshe kwamba kwenye mchezo huu anayeelekeza mtutu nje ya nyuzi 90 kutoka mbele ya kiwanja, au anayeangusha silaha, au anayetembea kidole kikiwa ndani ya kilinda triga, hufukuzwa mashindanoni siku hiyo hiyo hata kama ni bingwa. Mzee akielewa hilo, ndipo sahihi yake inapokuwa na maana.

Amua modeli na aina ya risasi kabla ya kujaza fomu, kwa sababu kibali hutolewa kwa silaha inayotajwa, na kubadili mawazo baadaye ni kuanza safari upya. Uliza mapema pia idadi ya risasi utakazoruhusiwa kununua na kumiliki, kwani mazoezi yako yote yatapangwa ndani ya idadi hiyo. Njia nne za kati, zikijaa, zinakula risasi 96. Wenzetu wa Afrika Kusini na Marekani hupakia risasi zao wenyewe nyumbani kwa baruti na maganda yaliyotumika. Usijenge mpango wako juu ya jambo hilo. Kutengeneza risasi bila kibali kutakufikisha mahakamani. Vilevile usifungue kiwanja kienyeji kwenye shamba la mkonge lililoachwa, hata kama kuna kilima kizuri nyuma. Risasi ya 9×19 husafiri zaidi ya kilomita moja, na mashamba yetu yana wachungaji, wachoma mkaa na watoto wanaotafuta kuni. Pigia mahali palipoidhinishwa tu. Wenye nia wakiwa wengi, jiungeni, muandikishe chama kupitia Baraza la Michezo la Taifa, na muombe kiwanja kwa pamoja. Kikundi kinasikilizwa kuliko mtu mmoja.

Kwa kuwa risasi ni chache na kiwanja kiko mbali, sehemu kubwa ya mazoezi yako itafanyika nyumbani bila risasi hata moja, na hilo linapaswa kuingia kwenye uchaguzi wa bastola. Mabingwa nao hufanya hivi: kuchomoa, kulenga, kuvuta triga, kubadilisha magazini tupu, tena na tena. Chagua chumba kimoja. Risasi zote zibaki chumba kingine, zimefungiwa. Kagua chemba mara mbili, weka risasi bandia ya kuzuia pini isipigane na chuma, lenga ukuta ambao hakuna mtu nyuma yake, na watoto wasiwepo. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza, fungia bastola, na usirudi kujaribu "mara moja tu", kwa sababu ajali nyingi za mazoezi ya namna hii hutokea mtu akiwa ameshaijaza tena. Bastola inayohitaji kulindwa dhidi ya mazoezi hayo, au ya kale ambayo pini yake haipatikani tena, haikufai hata kama ni ya bei rahisi.

Mazingira yetu yana shida mbili tofauti. Korogwe, karibu na Mto Pangani, unyevu ni mwingi, na bastola ya chuma ikilala ndani ya ala ya ngozi itaota kutu upande unaogusana na ngozi. Ilale nje ya ala, ndani ya kasha la chuma lililofungwa, ikiwa imepakwa mafuta membamba ya silaha. Handeni, hasa kiangazi, adui ni vumbi jekundu. Huko mafuta mengi huvuta mchanga mpaka slaidi inakwama. Paka tone kwenye reli, futa linalobaki. Mafuta ya kupikia yasiguse silaha kabisa, maana huganda na kuwa gundi. Usafishe mtutu kila baada ya kupiga, na magazini uzifungue pia, kwa kuwa bastola nyingi zinazosemwa "zinakwama" zina magazini chafu tu.

Vitu vingine vinunuliwe kwa bajeti ile ile. Ala iwe ngumu, iliyotengenezwa kwa modeli yako, inayofunika triga yote. Production inataka ala na magazini zikae nyuma ya mfupa wa nyonga. Mkanda uwe mgumu usiopinda. Kwa njia ndefu ya risasi 32 na magazini za 15, magazini tatu zinakuacha na risasi 13 za ziada, na ukiangusha moja kwenye matope umekwama. Anza na tano. Miwani ya kinga na vizibo vya masikio si hiari kwa mshiriki wala kwa mtazamaji.

Ukinunua iliyotumika, mwenye kuuza awe na nyaraka zake na makabidhiano yapitie polisi. Asiyetaka kufika kituoni, mwache aende. Linganisha namba za silaha na zile zilizoandikwa. Tazama ndani ya mtutu kwa mwanga: mistari iwe mikali, pasiwe na mashimo ya kutu. Slaidi isichezecheze kupita kiasi. Muulize kama fundi ameigusa triga. Kama ameipunguza uzito chini ya kanuni, utalipia tena kuirudisha, na triga iliyokatwa na fundi asiyejua inaweza kufyatua yenyewe.

Kabla ya yote haya, hata kabla ya kumwona mwenyekiti wa kijiji, fanya safari moja ya kutazama. Ukitokea Korogwe unaweza kuvuka kupitia Horohoro na Mombasa au kupitia Holili na Taveta, mpaka Kiambu. Usivuke mpaka na silaha wala risasi hata moja. Nenda mikono mitupu, wasiliana na waandaaji mapema, fika asubuhi. Tazama njia mbili tatu ukiwa karibu na mwamuzi. Kisha, kama taratibu zao zinaruhusu na wakiwepo wenye silaha wenyewe, omba kushika bastola tupu kwenye meza ya usalama, mahali ambapo risasi haziruhusiwi kuguswa. Shika nyingi kadiri watakavyokuruhusu, ya plastiki na ya chuma, ya nyundo na ya pini. Andika kwenye daftari jina la modeli, kidole kilifika au hakikufika, saiti ilisimama au ilichungulia. Ile iliyopita majaribio yote mawili, na ambayo washiriki watakuambia vipuri vyake wanavipata, ndiyo utakayoitaja kwenye fomu ukirudi nyumbani.